Swali la binti wa Wete: huo msaada wanatupa kwa kutupenda au wana lao jambo?

Swali kaniletea binti mmoja wa Wete, jina lake nabaki nalo mwenyewe. Anasema: "Shikamoo ami. Nilikua kwenye mradi wa malaria miaka minne. Kesi ikionekana kituo cha afya meseji inaingia, napanda honda mpaka nyumbani kwa mgonjwa, napima watu wote wa nyumba ile. Januari 2025 tukaambiwa simameni hapo hapo, mpaka leo. Wenzangu wanasema Mmarekani alikua na lake tangu mwanzo, baba anasema tumuombee kheri kwa alichotoa. Kweli ni ipi? Nchi inaamua vipi kutoa msaada, na inaamua vipi kuukata? Na watarudi?"

Marahaba mwanangu, na pole sana. Mie nimekaa upande wa mipango serikalini miaka ishirini na kitu, kazi yangu kubwa ilikua kukaa meza moja na wafadhili, kujaza mafomu yao, kuwatembeza mashamba na kuwaandikia ripoti, sasa nimestaafu nakunywa kahawa Chake. Kwa hio ntakujibu refu, chukua kikombe.

Baba ako na wenzako wote wana haki, ila wanazungumzia watu tofauti bila kujua. Sie tunasema "Mmarekani katoa", "Mchina kajenga", kama vile ni mtu mmoja ana mkono na mfuko. Nchi haina moyo wa kupenda wala tumbo la kutaka. Ina bajeti, na kwenye ile bajeti wanavutana watu kumi, kuna wa mambo ya nje, kuna hazina, kuna jeshi, kuna wakulima wao, kuna makanisa na mashirika ya kujitolea, kuna mbunge anaetaka kurudi bungeni. Msaada unaofika Wete ndo kile kilichobaki baada ya mvutano ule, na wewe hukuepo, na mie sikuepo, na balozi wao mwenyewe mara nyingi hakuepo.

Angalia harusi zetu. Pale mlangoni anakaa mama mmoja na daftari, anaandika nani kaleta nini. Mmoja kaleta doti ya kanga kwa kua anampenda bi harusi, kamlea. Mwengine kaleta kwa kua na yeye aliletewa mwaka juzi. Mwengine mumewe anatafuta kazi kwa baba wa bi harusi. Mwengine kaleta mbili kwa kua jirani yake kaleta moja. Kwenye daftari zote zimeandikwa kanga, doti kadhaa. Ukisoma daftari peke yake hujui kitu, inabidi umjue mwenye kuleta ana shida gani kwake.

Sasa sie Wazanzibari tuna bahati, kila sababu ya msaada duniani tunayo hapa imesimama, unaweza kuigusa kwa mkono.

Anza na majumba ya Kikwajuni, Unguja. Yale yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, ile nusu ya kikomunisti wakati Ujerumani imegawika nchi mbili, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Jiulize, nchi ile ndo kwanza inajikokota baada ya vita, ina shida gani na Kikwajuni? Shida yake ilikua kutambuliwa. Ujerumani Magharibi ilikua na msimamo tangu 1955, nchi yoyote itakayoitambua Mashariki tunavunja nayo uhusiano, kwa hio Mashariki ilikua kama mtu aliesuswa mtaa mzima, hakuna anaemwitikia salamu. Zanzibar ikaitikia. Tulikua nchi ya mwanzo nje ya kambi ya kikomunisti kuitambua, na kwao udogo wetu haukua na neno manake ubalozi ni ubalozi tu, uwe kwenye kisiwa au kwenye bara zima. Majumba yakaja, walimu wakaja, washauri wakaja.

Lakini sikiliza upande wa pili manake ndo utamu wenyewe. Aprili 1964 tukaungana na Tanganyika, na Tanganyika ilikua ikipata msaada wa Ujerumani Magharibi, tena wa kijeshi. Magharibi ikasema hao Mashariki waondoke. Wakavutana, mwisho ikaamuliwa Mashariki wabaki na konseli tu, si ubalozi, na bado Magharibi haikuridhika, mwaka 1965 ikaondoa watu wake wa jeshi. Nyerere akawaambia basi chukueni na msaada uliobaki. Mwisho wa mwaka ule ule tukavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ambako wazungu wachache walijitangazia uhuru, na mkopo wao wa pauni milioni 7.5 ukaganda. Umeona? Wajerumani wawili wanagombana wao kwa wao, na sie ndo tunaojengewa na kubomolewa. Wakati ule hakuna hata mmoja aliekaa akauliza watoto wa Kikwajuni wanaumwa nini.

Na bado watu wanaishi mle mpaka leo. Hili ulishike, ntalirudia.

Mchina vilevile. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 toka Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, imejengwa 1970 mpaka 1975 kwa mkopo usio na riba, yuan milioni 988, baada ya nchi za Magharibi na Benki ya Dunia kusema haina faida. China wakati ule maskini, watu wake wenyewe hali ngumu. Kwani wana wazimu? Hapana. Kiti cha China pale Umoja wa Mataifa kilikua kimekaliwa na Taiwan, na kila kura ya Afrika ilikua dhahabu. Tarehe 25 Oktoba 1971 ikapigwa kura, 76 wakakubali, 35 wakakataa, China ikapata kiti. Balozi wetu pale alikua Mzanzibari mwenzetu, Salim Ahmed Salim, hajafika hata miaka thelathini, na wajumbe wa Afrika walishangilia mle ukumbini mpaka Wamarekani wakanuna. Mnuno ule haukuisha, mwaka 1981 Salim alipogombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa Marekani ikampigia veto, ile kura ya kuzuia, raundi baada ya raundi, na China nayo ikampigia veto mpinzani wake, Waldheim. Mwisho wote wawili wakakaa pembeni akapita mtu wa tatu toka Peru.

Ukiwa Mkoani nenda hospitali ya Abdulla Mzee, imejengwa na China na baadae wakaijenga upya, na madaktari wa mkoa wa Jiangsu wanakuja Zanzibar kwa zamu tangu miaka ya 1960. Bibi yangu mie alitolewa mtoto wa jicho na dakta wa Kichina ambae neno alilolijua la Kiswahili ni "polepole" tu. Alisema polepole kama mara arubaini. Yule dakta alikua hafikirii kura ya Taiwan, nakuhakikishia, alikua anafikiria jicho. Aliemleta ndo alikua akifikiria kura. Ndo maana nkakwambia baba ako na wenzako wanazungumzia watu tofauti.

Wasomi wa uchumi wameyapima haya kwa hesabu, si maneno ya barazani. Wawili wao, Alesina na Dollar, mwaka 2000 walichukua takwimu za misaada ya nchi nyingi wakaona kua aliewahi kukutawala, na jinsi unavopiga kura Umoja wa Mataifa, vinaeleza msaada unaopata kuliko hata umaskini wako. Ila hawakuwatia wote kapu moja, Wafaransa walionekana wanaangalia zaidi makoloni yao ya zamani, nchi za Skandinavia zikaonekana zinaangalia zaidi umaskini. Wengine wawili, Kuziemko na Werker, mwaka 2006 wakaona nchi ikipata kiti cha muda kwenye Baraza la Usalama, vile viti vya miaka miwili, msaada wa Marekani kwake unapanda kama asilimia 59, na muda ukimalizika unashuka tena. Masikini hajawa tajiri pale katikati, ni kiti tu.

Na Yemen wanajua bei ya kiti. Novemba 1990 walikua Barazani, ikaja kura ya kuruhusu vita kumtoa Saddam wa Iraq nchini Kuwait, Yemen wakasema hapana, wao na Cuba. Marekani ikakata msaada wa karibu dola milioni 70, na Saudia nayo, kwa msimamo ule ule wa Yemen, ilishaanza kuwatimua Wayemeni waliokua wakifanya kazi kwake, mamia ya maelfu ya watu na mabegi yao.

Sasa hayo ni ya siasa za dunia. Kuna sababu nyengine ndogo ndogo za nyumbani kwao ambazo mie ndo zilizonitoa mvi, manake hizi ndo unazokutana nazo kazini.

Tulikua na mradi wa maji kijiji kimoja kaskazini ya Pemba, mfadhili simtaji. Sheria yao ikasema pampu inunuliwe kwao. Sawa, ikaja pampu nzuri inang'ara imefungwa na karatasi za nailoni, siku ya ufunguzi wakapiga picha, sheha kavaa kanzu mpya, watoto wa skuli wakaimba. Mwaka wa pili kikavunjika kipande kidogo hivi, ukikiweka kiganjani kinaenea. Chake hakipo, Darajani hakipo, Dar hakipo. Kinapatikana mji mmoja tu duniani, huko huko. Tukaandika barua, wakasema mradi umeshafungwa hakuna bajeti, tukazunguka, ikapita miezi saba akina mama wanarudi kwenye kisima cha zamani na ndoo kichwani wanaipita ile pampu. Stika ya bendera ilikua bado mpya, wallahi, haijachunika hata pembe. Manake stika zilikua na mwongozo wake, upana kadhaa, zisikae chini ya nembo ya wizara, na mie nlishaitwa kikao kizima kuhusu stika mwezi ambao gari ya mradi haina mafuta.

Nlikua nakasirika sana. Baadae nkaelewa stika si ya sie, ni ya picha, na picha ni ya mlipa kodi wao anaeuliza hela zangu zimekwenda wapi. Na pampu ilikua ni ya kiwanda kwenye jimbo la mtu. Wamarekani hao, chakula chao cha msaada angalau nusu lazima kisafirishwe kwa meli za bendera yao, sheria ya tangu 1954, na meli zao ni ghali. Wenye kuitetea ile sheria bungeni kwao ni wenye meli na mabaharia, si wenye njaa. Lakini pia ni kwa sababu ya hao wenye meli na wakulima kua msaada wa chakula uliponea mara nyingi usikatwe, manake ulikua na watu wa kuutetea. Ajabu ya dunia.

Waingereza nao waliwahi kuaibika mchana kweupe. Bwawa la Pergau kule Malaysia, pauni milioni 234 za msaada, wataalamu wao wenyewe wakasema mradi haufai, serikali ya Thatcher ikaahidi na iliyofuata ikatoa, kumbe nyuma yake kuna biashara ya silaha. Mwaka 1994 mahakama yao ikasema ni kinyume cha sheria, na mwaka 2002 wakatunga sheria kua msaada uwe wa kupunguza umaskini. Walijirekebisha kwa kushitakiwa na raia wao, si kwa kulalamikiwa na sie.

Nisije nkakutia chuki lakini, manake si kila mkono una ndoana. Ile waya ya umeme ya chini ya bahari toka Ras Kiromoni mpaka Unguja, megawati 100, imelipwa na Marekani kupitia shirika lao la misaada la MCC, ikawashwa 2013, na waya wenyewe ulitoka kampuni ya Japan, Viscas, kwa sababu tenda ilikua wazi. Na sie Pemba, unakumbuka kabla ya 2010? Au ulikua mdogo. Umeme wa majenereta ya dizeli pale Wesha, ukiwaka leo kesho hakuna, samaki wanaoza, mtoto anasoma kwa kibatari. Mnorway ndo alielipa sehemu kubwa ya ule waya wa toka Tanga. Norway anatafuta nini Pemba? Hana koloni hapa, hana jeshi. Nimekaa nao sana watu wale, na jibu langu ni hili: nchi ndogo inaishi kwa kuheshimika na kwa sheria za dunia kufuatwa, haiwezi kupigana. Na kwao vyama vya wafanyakazi, makanisa na maskuli wamelelewa na jambo hili, ukikata msaada unapoteza kura, kinyume na kwengine. Umoja wa Mataifa ulisema 1970 kila nchi tajiri itoe asilimia 0.7 ya pato lake, zilizofika ni za kuhesabu kwa vidole na Norway anazunguka kwenye asilimia 1. Mapenzi yapo pale, ila na mapenzi pia yanahitaji mtu wa kuyapigia kura.

Kuwait ni mfano ninaoupenda zaidi. Wamepata uhuru Juni 1961, siku chache tu Iraq ikasema hii ni sehemu yangu. Na mwaka ule ule, kabla haujaisha, Kuwait ikaanzisha mfuko wa kukopesha nchi za Kiarabu, baadae na za Afrika na Asia. Hawana hata majumba ya kutosha wanagaia wengine! Ila ukifikiri utaona, mdogo tajiri aliekaa ubavuni mwa mkubwa mwenye tamaa, silaha yake ni marafiki. Na Cuba, nayo si tajiri, inatuletea madaktari, na takriban kila mwaka tangu 1992 inapeleka azimio Umoja wa Mataifa kulaani vikwazo vya Marekani na karibu dunia nzima inapiga kura pamoja nao. Madaktari wao wanafanya kazi kweli, na kura nazo zinakuja kweli. Kimoja hakikifuti chengine.

Sasa masharti, manake najua utauliza. Baada ya uchaguzi wa 1995 wafadhili walizuia misaada kwa Zanzibar, ikapita miaka. Mie ndo kwanza kijana wizarani. Kulikua na skuli moja kuta zimefika kwenye linta, fedha zikasita, mvua ya masika ya mwanzo ikaingia, ya pili ikaingia, mpapai ukaota mle darasani na ukazaa. Tulikua tunapita na gari tunachuma. Halafu 2016, uchaguzi wa Oktoba 2015 umefutwa, ukarejewa Machi 20, na Machi 28 ile bodi ya MCC ikasitisha awamu ya pili kwa Tanzania nzima, kama dola milioni 472, wakataja uchaguzi wa Zanzibar na sheria ya makosa ya mtandao. Awamu ya kwanza ilikua dola milioni 698, Bush kaisaini Dar na Kikwete Februari 2008, na ndo iliotupa ule waya. Unaona shirika lile lile, kisiwa kile kile.

Siwalaumu kuweka sharti, ni hela yao, na mengine mie mwenyewe nlikua nakubaliana nao moyoni. Ila tazama Misri. Tangu amani na Israel mwaka 1979 Misri inapata msaada mkubwa wa Marekani, ule wa jeshi peke yake kwa miaka mingi ni dola bilioni 1.3 kila mwaka, na chaguzi za Misri sina haja ya kukueleza. Misri ina mfereji wa Suez na mpaka na Israel. Sie tuna karafuu. Kwa hio kanuni niliyoiona kwa macho ni hii, anaekuhitaji sana hakuulizi sana, na asiekuhitaji ndo anaekagua mpaka kucha. Kwa hio ukiona unakaguliwa kucha, jua umekaa wapi kwenye foleni.

Jambo jengine hakuna kitabu kitakachokwambia: kalenda. Mwaka wa fedha wa Marekani unaisha Septemba 30, wa Japan na Uingereza Machi 31, wa kwetu Juni 30. Sie wizarani tulikua tunajua, ikiingia Agosti simu za Wamarekani zinaongezeka, kuna semina, kuna warsha, kuna kompyuta, manake hela isiyotumika inarudi na mwakani bajeti inapunguzwa. Maamuzi mengi watu wanayatafutia falsafa ni mhasibu tu anakimbizana na tarehe. Nlishapokea printa sita mwezi Septemba kwa ofisi ya watu wanne.

Haya, tuje kwenye malaria yako.

Ule mpango wa Rais wa Marekani wa malaria ulianzishwa na Bush 2005, Tanzania ikawemo kwenye nchi tatu za mwanzo pamoja na Uganda na Angola. Miaka miwili kabla alishaanzisha ule wa ukimwi, dola bilioni 15 kwa miaka mitano. Kwa nini mtu wa vita vya Iraq afanye hivo? Makanisa ya kiinjili yaliomchagua yalilitaka, kwa imani kabisa. Watu wa usalama nao walilitaka, ubalozi wao Dar na Nairobi ulilipuliwa Agosti 1998 na baada ya Septemba 11 wakaanza kuogopa nchi dhaifu. Na wote wawili, Republican na Democrat, walikubaliana, manake chandarua hakina chama. Na Zanzibar ikawa kipenzi kwa sababu moja rahisi, visiwa vidogo, unaweza kumaliza kazi na kuonyesha. Vyandarua, dawa ya kupulizia, dawa mseto, kupima, wenye malaria wakashuka chini ya asilimia 1 ya watu, na picha yetu ikapelekwa Washington kila mwaka: hela zenu hizi hapa. Wewe na honda yako mlikua ndani ya ile picha.

Sasa kilichotokea Januari 2025 ni kua wale watu kumi wanaovutana kwenye bajeti yao walibadilika. Asilimia kama 1 tu ya bajeti ya serikali kuu yao ndo ilikua ikienda msaada wa nje, lakini raia wao wakiulizwa wengi wanadhani ni kama robo, na mwanasiasa akisema nakata naleta nyumbani, anashangiliwa. Tarehe 20 Januari amri ikasainiwa ya kusimamisha siku 90, Julai 1 USAID, shirika lao kubwa la misaada lililoanzishwa na Rais Kennedy 1961, likafungwa na kilichobaki kikaingizwa wizara ya mambo ya nje. Haikua hukumu juu yako, wala juu ya malaria, wala juu ya Pemba. Hakuna mtu alikaa akasoma ripoti yako akasema huyu hajafanya kazi. Najua hili linauma zaidi kuliko kama wangesoma.

Na si Marekani peke yake, usidanganywe. Uingereza ilikua na sheria ya 0.7, mwaka 2021 ikashuka 0.5, na Februari 2025 ikasema itashuka 0.3 ifikapo 2027 ili ipate hela ya jeshi kwa kua Urusi inawatisha. Na kuna kichekesho, mwaka 2022 zaidi ya robo ya msaada wao wote wa "nje" ilitumika ndani ya Uingereza, kuwalipia wakimbizi makazi na mengineo. Sheria za kuhesabu msaada zinaruhusu, mwaka wa mwanzo wa mkimbizi unahesabika. Kwa hio nchi inaweza kutangaza msaada mkubwa na hela haijavuka hata uwanja wa ndege.

Watarudi? Watarudi kwa sura nyengine. Septemba 2025 Marekani wametoa mkakati wao mpya wa afya, unataka makubaliano ya serikali kwa serikali badala ya kupitia mashirika, na nchi nayo iongeze lake mwaka hadi mwaka. Kwa lugha yetu, hela itakayokuja itapita wizarani na si kwenye ofisi ile yenye kiyoyozi iliokua ikikulipa. Kuna na Mfuko wa Dunia ambao unalipia malaria pia. Mie sina furaha na namna walivokata, watu wanakufa kwa kukatwa ghafla, ila hilo la kupitia wizarani sililii, nlishaona miradi mitatu inapima malaria wilaya moja kila mmoja na fomu yake na landkruza yake.

Nilikwambia nitarudia ya Kikwajuni. Ujerumani Mashariki yenyewe haipo tena tangu 1990, imekufa, na sababu yake ya kutupa imekufa nayo, lakini nyumba zipo kwa sababu zilikua zimeandikishwa kwetu na watu wakaingia. Pampu yetu ilikufa mfadhili yu hai. Kwa hio mie nikikaa na kijana simwambii ajiulize sana kama walitupenda, namwambia aulize kitu kimeandikwa kwa nani na spea inapatikana wapi.

Na wewe nakutuma ukaulize hasa. Mradi ukifungwa inatengenezwa orodha ya mali, kila kitu mpaka viti, na inasainiwa nani kachukua nini. Nenda kwa afisa afya wa wilaya, usipige simu, nenda kwa miguu yako umkute asubuhi kabla ya vikao, umwamkie vizuri, umuulize ile honda uliokua ukiipanda imekabidhiwa wizara au imerudishwa kwa mkandarasi. Kama imekabidhiwa wizara basi kuna mtu lazima aipande, na kuna mstari wa mafuta utatafutwa kwenye bajeti ya Juni, na hakuna Wete nzima anaezijua zile nyumba kama wewe. Ukijua jibu niletee meseji, ntakusaidia kuandika barua.